Uamuzi Usio na Mwenyewe

Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency jijini Kansas City, Marekani, ulikuwa umefurika watu waliokuja kwenye tafrija ya dansi. Baadhi yao walisimama juu ya vijia vilivyoning'inizwa darini kwa nondo, wakiwatazama wenzao chini. Kijia cha ghorofa ya nne kilichomoka kwenye nondo zake, kikakiangukia cha ghorofa ya pili kilichokuwa chini yake, na vyote viwili vikaporomokea umati. Watu 114 walikufa. Hoteli ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla.

Sababu ya kiufundi haina fumbo. Mchoro wa awali ulionyesha nondo ndefu zinazotoka darini, zinazopita kwenye boriti za kijia cha juu na kuteremka mpaka cha chini. Nondo ya namna hiyo ingebidi ichongwe hesi sehemu kubwa ya urefu wake ili nati ifike mahali pake. Mtengenezaji wa vyuma akapendekeza njia nyepesi: nondo mbili badala ya moja, ya kwanza itoke darini iishie kwenye kijia cha juu, ya pili ianzie kwenye boriti ya kijia hicho hicho iteremke hadi cha chini. Ukiitazama kwa macho, hakuna kilichobadilika. Lakini nati iliyoshika boriti ya juu, ambayo ilikuwa ibebe kijia kimoja, sasa ilibeba viwili.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na hesabu ya mzigo sio inayoninyima raha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeiweza. Kinachonisumbua ni kwamba ilipoulizwa nani aliamua nondo zigawanywe, kila upande uliutazama upande wa pili. Wahandisi walishikilia kwamba kwa desturi ya kazi, viungo vya namna ile husanifiwa na mtengenezaji. Mtengenezaji naye alikuwa na michoro yenye muhuri wa wahandisi. Karatasi zilipita mezani, zikagongwa muhuri, zikarudi karakanani. Wataalamu wa serikali walipopima, waligundua kwamba hata kiungo cha mchoro wa awali kingebeba takriban asilimia 60 tu ya kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji. Maana yake ni kwamba kiungo kile hakikuwahi kukokotolewa inavyostahili, si kabla ya mabadiliko wala baada yake. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Huo ndio ninaouita uamuzi usio na mwenyewe, na nina hakika ndio unaotuumiza zaidi katika kazi hii. Tukizungumza kuhusu kuamua vizuri, mara nyingi tunazungumza kuhusu takwimu bora, programu bora za kukokotoa, vikao bora. Sipingi hata kimoja. Lakini katika miaka yangu ya kazi, maamuzi mabaya niliyoyaona yakijadiliwa kwa kina na watu wenye nia njema kisha yakaharibika ni machache. Mengi yaliingia kwa mlango wa nyuma. Yalikuja kama marekebisho madogo, kama nakala ya kazi iliyopita, kama ukimya mwishoni mwa mkutano uliochosha. Hakuna aliyekosea kuamua, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaamua.

Nami ninao wa kwangu. Nikiwa na miaka mitatu kazini, nilipewa kusanifu mfumo wa maji wa jengo la ghorofa kadhaa. Mradi uliotangulia ulifanana na wangu, kwa hiyo nilichukua mchoro wake kama mwanzo, na bomba kuu la milimita 80 likaja pamoja na mchoro. Mradi ule ulihitaji nusu tu ya maji niliyohitaji mimi. Maji yakiongezeka maradufu ndani ya bomba lile lile, presha inayopotea kwa msuguano huwa takriban mara nne. Bomba la milimita 100 lingeushusha upotevu huo hadi karibu theluthi moja, kwa kuwa kipenyo kinaathiri msuguano kwa kipeo cha tano. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani nikafaulu vizuri. Jengo lilipoanza kutumika, wakazi wa ghorofa ya juu walikosa maji kila asubuhi, na pampu ilikuwa ikifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake.

Msimamizi wangu hakunifokea. Aliuliza tu kwa nini milimita 80. Nilifungua mafaili yangu nikitafuta jibu, sikupata hata mstari mmoja. Sikuwa nimechagua 80. Ilikuwepo, nami nikapita. Swali lile limekaa nami kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Kunakili si dhambi. Uhandisi wote umejengwa juu ya kilichofanya kazi jana, na anayeanza kila kitu upya ni hatari kwa namna yake. Tatizo ni kwamba ukinakili kitu, unanakili pia dhana zilizokizaa, na dhana hazionekani kwenye mchoro. Sijui mfano ulio wazi zaidi ya ule wa tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ilipoondoka Kourou, Amerika Kusini, kwa mara ya kwanza na kuvunjikavunjika angani kabla hata dakika moja haijatimia. Kifaa chake cha kupima mwendo na mwelekeo kilikuwa kikitumia programu iliyotoka kwa Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Ndani ya programu hiyo, namba ya biti 64 iliyohusiana na kasi ya mlalo ilikuwa ikibadilishwa kuwa namba ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 4 haikufika huko katika sekunde zake za mwanzo. Ariane 5, kwa njia yake tofauti ya kupaa, ilifika na kupita. Programu ikakwama, kompyuta ikajizima.

Kulikuwa na kompyuta ya akiba. Nayo ilikuwa na programu ile ile, na ilikuwa imekwama milisekunde 72 kabla ya ya kwanza. Hapa nawaomba wenzangu wasimame kidogo, kwa sababu tunapenda sana kujifariji kwa vifaa viwili viwili. Kifaa cha pili kinakulinda dhidi ya kuharibika kwa kifaa cha kwanza. Dhidi ya dhana waliyoshirikiana, hakikulindi hata kidogo.

Ripoti ya bodi ya uchunguzi ina maelezo ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuyatafakari. Namba saba zilikuwa hatarini kuzidi kiwango. Nne ziliwekewa kinga, tatu zikaachwa, kwa sababu kompyuta ilitakiwa isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kuziacha zile tatu kulikuwa na hoja: ama maumbile yenyewe yaliziwekea mpaka, ama nafasi ya usalama ilikuwa kubwa. Kwa hiyo safari hii kulikuwa na uamuzi kweli, wenye sababu, uliofanywa na watu makini. Lakini bodi ilibaini kwamba hoja hiyo haikuandikwa ndani ya programu yenyewe. Uamuzi ulihamia kwenye roketi mpya, sababu zake zikabaki kwenye ya zamani. Na kuna jambo linalouma zaidi: kazi iliyokuwa ikifanywa na sehemu ile ya programu haikuwa na faida yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka. Iliachwa iendelee kwa sekunde kama 40 kwa ajili ya mahitaji ya Ariane 4, na hakuna aliyeona sababu ya kugusa kitu ambacho kilikuwa kimefanya kazi.

Sasa nije kwenye mkutano ambao watu waliamua kwa sauti kubwa, usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za pembeni za Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, walipendekeza kisirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wasiwasi wao ulikuwa pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo: mpira ukipoa, hupoteza wepesi wa kujaza nafasi. Asubuhi yake joto lilikuwa kama nyuzi 2. Chombo kiliruka, kikasambaratika baada ya sekunde 73, na watu wote saba waliokuwemo wakafariki.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ya wahandisi wema na mameneja wabaya. Ni kweli kwamba kiongozi mmoja wa uhandisi aliambiwa avue kofia ya mhandisi na kuvaa ya meneja, na ni aibu iliyo wazi. Lakini nadhani tukiishia hapo tunajipendelea, sisi wahandisi. Ushahidi ulikuwepo siku zote, na ulisomwa kwa kipande. Waliokuwa wakitafuta uhusiano kati ya baridi na pete zilizoharibika walizitazama safari zilizokuwa na madhara peke yake. Hizo zilikuwa saba, na zilitawanyika: moja katika nyuzi 12, nyingine katika nyuzi 24. Mtu akiangalia saba hizo anaweza kusema joto halihusiki. Tume iliyochunguza ajali iliweka mezani safari zote 24, pamoja na zile ambazo pete zilirudi nzima. Safari nne zilikuwa katika nyuzi 17 au chini, na zote nne zilikuwa na madhara. Safari 20 zilikuwa katika nyuzi 19 au zaidi, na ni tatu tu zilizokuwa na madhara. Hakuna kipimo kipya kilichohitajika. Zilihitajika zile safari ambazo hakuna kilichotokea.

Ninapolitazama jedwali hilo, najiuliza ni mara ngapi nimekagua orodha ya hitilafu bila kuomba orodha ya siku zisizo na hitilafu. Tunaorodhesha pampu zilizoungua, seva zilizoanguka, nyufa zilizoonekana. Kisha tunatafuta sababu ndani ya orodha hiyo hiyo, na sababu yoyote tunayoitaka tunaipata.

Jambo la pili kuhusu usiku ule ni mzigo wa uthibitisho. Desturi ya kurusha vyombo ilikuwa kwamba anayetaka kurusha ndiye aonyeshe kuwa ni salama. Usiku ule wahandisi walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba kutatokea maafa. Hakuna aliyetangaza kanuni mpya, wala haikupigiwa kura. Swali liligeuka taratibu katikati ya mazungumzo, na kugeuka kwa swali ndiko kulikokuwa uamuzi. Kilichofuata kilikuwa matokeo yake. Tena safari zilizopita zenye pete zilizoungua zilikuwa zimerudi salama, na kila moja ilihesabiwa kama ushahidi kwamba kiungo kinavumilia. Ukiponea chupuchupu mara kadhaa, unaanza kuiita bahati kwa jina la uzoefu.

Mwelekeo huu si wa zama za roketi tu. Daraja la Quebec, Kanada, lilianguka likiwa katika ujenzi tarehe 29 Agosti 1907 na kuua wafanyakazi 75. Urefu wa nafasi ya katikati ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito haukukokotolewa upya ipasavyo. Ilipogundulika kwamba daraja ni zito kuliko ilivyodhaniwa, chuma kingi kilikuwa tayari kimetengenezwa. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, aliyekuwa New York, akalikubali ongezeko. Wiki za mwisho boriti za chini za daraja zilionekana zikipinda, na watu pale walibishana kama zilipinda hapo au zilitoka kiwandani zikiwa hivyo. Siku ya mwisho Cooper alituma simu ya maandishi kwamba uzito usiongezwe, lakini aliituma kwenye ofisi ya kampuni iliyokuwa ikijenga daraja, huko Phoenixville, Marekani, siyo kwenye eneo la kazi. Kazi iliendelea. Pale darajani hapakuwa na mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kusema shusheni zana.

Basi tufanye nini? Mimi hufanya jambo moja, dogo hadi linaonekana la kitoto. Kila uamuzi ambao kuugeuza baadaye kutagharimu, nauandikia aya moja: tumechagua nini, tumeacha nini na kwa nini, tumedhani nini, na ni tukio gani litatulazimu kuufungua tena. Chini yake panakaa jina la mtu, siyo la idara. Aya hiyo inakaa pale pale kazi ilipo, yaani kwenye mchoro au ndani ya programu, kwa sababu kumbukumbu iliyo kwenye kabati la ofisi nyingine ni sawa na haipo.

Sentensi ya tatu, ya dhana, ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi. "Tumezingatia mahitaji ya kawaida" haisemi chochote. "Tumedhani mtiririko hautazidi lita 4 kwa sekunde" inasema kitu ambacho mtu wa kesho anaweza kukipima na kukikanusha. Laiti mchoro niliounakili ungekuwa na mstari huo mmoja, ningesimama. Sisemi ningekuwa na akili zaidi, lakini ningesimama, na kusimama kungetosha.

Najua pingamizi, kwa sababu nimelisikia kila mahali nilipofanya kazi: karatasi zitatuchelewesha. Ni kweli, kuna siku zimenichelewesha nusu siku nzima. Pia ni kweli kwamba fomu inayojazwa ili ijazwe ni muhuri mwingine tu, na Kansas City walikuwa na muhuri. Ndiyo maana siamini katika fomu ndefu zenye visanduku vya kutiwa alama. Wala siamini kwamba kila kitu kinastahili aya. Jina la faili, rangi ya waya ndani ya kifaa cha majaribio, mpangilio wa meza ya karakana, hayo amua kwa dakika moja uendelee, ukikosea utarekebisha kesho. Kina cha msingi, aina ya chuma, vipimo vitakavyotumika, muundo wa kanzidata ambayo mifumo mingine itaitegemea, hayo yakishajengewa juu hayarudi nyuma bila kubomoa.

Cha ajabu ni kwamba muda wetu tunaugawa kinyume. Nimekaa katika vikao ambavyo jambo dogo lilijadiliwa saa nzima kwa kuwa kila aliyekuwemo alikuwa na maoni, na jambo zito likapita kwa dakika tano kwa kuwa walioweza kulisemea walikuwa wawili, na mmoja wao hakuwepo. Siku hizi ninapoendesha kikao huanza na lile gumu, watu wakiwa bado na nguvu, na huuliza waziwazi kama kuna asiyelielewa. Wa kwanza kuulizwa huwa wale wageni, kabla mkubwa yeyote hajasema. Mkubwa akishasema, vijana hutikisa kichwa, na kutikisa kichwa huandikwa kwenye kumbukumbu kama makubaliano.

Nimebakiza jambo la kurudi nyuma, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 1978 mhandisi William LeMessurier aligundua kwamba jengo la Citicorp la New York, lenye ghorofa 59 na lililokamilika mwaka uliotangulia, lilikuwa katika hatari asiyokuwa ameiona. Nguzo zake zilisimama katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Viungo vilivyokusudiwa kuchomelewa vilikuwa vimebadilishwa kuwa vya bolti, mabadiliko yaliyoidhinishwa ofisini kwake kama jambo la kawaida, bila kufikiria upepo unaovuma kwa mshazari. Alipoanza kukokotoa upya, maswali ya mwanafunzi kuhusu nguzo zile yalikuwa na mchango. Alikwenda kwa wenye jengo na kusema. Kwa miezi kadhaa mafundi walifanya kazi usiku, wakichomelea mabamba ya chuma juu ya viungo zaidi ya 200.

Namheshimu kwa kurudi. Simheshimu yeye wala wenzake kwa kilichofuata, kwa sababu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kuzunguka jengo lile hawakuambiwa, na habari haikujulikana kwa umma hadi 1995. Kuwanyima watu taarifa kuhusu paa lililo juu ya vichwa vyao nako kulikuwa uamuzi, na walioufanya walikuwa na majina.

Swali la yule mwanafunzi ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu ofisini. Wataalamu wote wa mradi walikuwa na michoro ile ile mbele yao, tena kwa muda mrefu zaidi. Tangu niliposoma kisa hicho, kabla ya kuweka saini huupeleka mchoro kwa mtu ambaye hakuushiriki, mara nyingi kijana aliyeanza kazi juzi, na kumwomba aniambie kila mahali anapouliza "kwa nini hivi?" Wiki iliyopita aliniletea maswali kumi na moja. Tisa nilikuwa na majibu yake. Mawili nimeyachukua, na saini bado sijaweka.